Ghala Limejaa, Watoto Wamedumaa

Taja mabadiliko ya tabianchi hapa Songea utajibiwa upesi: hayo ni ya Dodoma na Shinyanga, kwenye ukame, sisi tuna mvua, tuna mahindi, tunailisha nchi. Viongozi nao wakitaka kuonyesha wanajali, wanapanda miti, basi. Imani hii inatuumiza, na wanaoanza kuumia ni watoto.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliukuta mkoa wetu wa Ruvuma na zaidi ya theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, juu ya wastani wa taifa wa asilimia 30. Mkoa wa mahindi! Sababu ziko nyingi: ugali usio na mboga ya maana, maji machafu, kuhara kusikokwisha. Ila kuna moja haisemwi, na tabianchi inaichochea: sumukuvu. Jua likichoma wakati mahindi yanabeba, mmea hunyong'onyea na ukuvu huingia. Mvua ikinyesha nje ya msimu mahindi yakiwa yameanikwa, ukuvu hustawi. Sumu yake huharibu ini, haimalizwi kwa kupika, na watafiti wanaihusisha na udumavu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Nenda Ruhuwiko msimu wa ununuzi, wakulima wakipanga foleni kwenye ghala la NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula. Mahindi hupimwa unyevu. Yakizidi asilimia 13.5 hayapokelewi. Ni haki kabisa. Lakini yaliyokataliwa yanakwenda wapi? Yanarudi nyumbani. Mama anachambua punje zilizobadilika rangi, mbovu kabisa anawapa kuku au zinaingia kwenye pombe ya komoni, zilizobaki zinapelekwa mashineni, na unga ule ndio uji wa mtoto. Serikali inayolilinda ghala lake kwa kipimo haijamlinda mtoto huyo.

Wizara ya Afya iliandika mpango wake wa kukabili athari za tabianchi, wa 2018 hadi 2023. Muda huo umepita. Miti ya milima ya Matogoro tuitunze, ndiko Mto Ruvuma unakoanzia, lakini mti haupimi unga. Tunataka fungu ndani ya bajeti ya afya ya halmashauri, si ya mazingira: kipimo cha unyevu kila kijiji, maturubai ya kuanikia, sumukuvu ipimwe kwenye mashine za kusaga na kwenye uji wa shule, na nesi wa kliniki akikuta mtoto hakui, aulize mahindi ya nyumbani yalikaushwa vipi. Diwani asiyelidai fungu hilo asije kutuomba kura.