Usilaumu batri mbele ya kupima



Kamio kubwa la mgodi likikataa kuwaka asubuhi, neno la kwanza linalosikika ni hili: «Batri imekufa.» Basi wanaleta nyaya, mashini ingine inakaribia, wanaazima nguvu, injini inawaka, kazi inaendelea. Saa sita mashini inazima tena na nyaya zinarudi. Sisi tunasema desturi hii ni mbaya, tena ni ya hatari.

Batri ni ghala. Inaweka nguvu inayoletwa na alternateri wakati injini inazunguka. Ghala likiwa tupu kila siku, uliza kwanza juu ya yule anayelijaza na juu ya njia anayopita.

Mashini nyingi kubwa zinatumika na volti 24, ni kusema batri mbili za volti 12 zilizofuatana. Injini ikiwa imezima na kupumzika, batri zilizojaa zinaonyesha zaidi kidogo ya volti 25. Injini ikizunguka, volti zinapaswa kupanda, mara nyingi kati ya 27 na 28 na nusu. Zikibaki 24, alternateri hailishi: tazama mukaba kama umelegea, tazama fizibule na waya zake. Zikipita 30, regulateri imeharibika na batri itachemka.

Kisha pima kwenye alternateri yenyewe, halafu pima kwenye batri. Kama tofauti inapita volti moja, ubaya uko njiani: kichwa cha batri kimeota unga mweupe au wa kijani, waya wa masi umelegea kwenye chuma, ao matope na vumbi vimeingia katika viungo. Hapa kwetu Katanga vumbi la kiangazi na maji ya masika vinafanya kazi hiyo bila kuchoka. Brosi ya chuma na ufunguo vinaweza kuponya mashini ambayo watu walitaka kuinunulia batri mpya.

Watu watasema: «Shefu anataka tani, hatuna wakati wa kupima.» Sisi tunajibu: hesabuni vizuri. Kupima kunakula dakika chache. Kuazima nguvu mara tatu kwa zamu moja kunakula saa nzima, na kila mara mutu anasimama katikati ya mashini mbili, uso wake juu ya batri.

Na batri inayopokea nguvu inatoa gazi ya hidrojeni. Haionekani wala hainuki. Ikifika sehemu 4 kwa 100 ndani ya hewa, cheche moja inatosha kuipasua, na asidi inaruka machoni. Ndiyo sababu ukilazimika kuazima, mashini zote mbili ziwe za volti 24, zisigusane, na kifungo cha mwisho ukifunge kwenye chuma cha mashini, mbali na batri. Ukifungua batri, anza na upande wa kutoa. Ukifunga, umalizie nao. Usiondoe kamwe waya wa batri injini ikizunguka: utaua alternateri. Vaa malineti, vua pete na saa ya chuma. Asidi ikiingia jichoni, osha na maji safi mengi kwa dakika 20, kisha kimbilia dispanseri.

Jambo lingine haliwezi kusamehewa: kuweka kipande cha waya mahali pa fizibule. Fizibule ikikatika, inakuambia kama kuna mahali moto unapita vibaya. Ukiinyamazisha, waya zitaungua karibu na mazoti na mafuta, na shofere yuko juu, mbali na ngazi.

Wamama, ninyi pia mnahusika. Nyumba nyingi zinatumia batri ya zamani kwa taa na radio umeme ukikatika. Msiitie nguvu ndani ya chumba cha kulala, wala karibu na mbabula. Watoto wasiiguse, na risasi ya batri iliyopasuka isiyeyushwe uwanjani: moshi na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto wadogo.

Ndugu mashefu wa vikosi, tunawaomba jambo moja. Mashini iliyoazimishwa nguvu mara mbili kwa siku isimame, funguo ya batri ikatwe na kufungwa na kufuli, fundi aitwe na voltimetri yake. Asiulizwe «utamaliza saa ngapi?» mbele ya kuulizwa «umeona nini?» Na wewe shofere, taa nyekundu ya batri ikiwaka, iandike katika kitabu cha mashini siku ile ile. Mwenzako wa usiku atapanda mashini ile ile. Anapaswa kujua.