Mlango wa Gereza Usiwe Mwisho wa Dawa

Ndugu zangu wa Machakos,

Mjomba wangu alifunguliwa siku ya Ijumaa, amevaa suruali aliyoingia nayo, mkononi vidonge vya ugonjwa wa sukari vya siku chache. Huko ndani alikula kwa saa na kumeza dawa kwa saa. Nyumbani tulimchinjia kuku, chapati zikapikwa, soda zikaletwa, maana aliyerudi ni wetu. Hatukujua tunamlisha nini. Vidonge vilipoisha alinyamaza. Aliona aibu kutuomba pesa za dawa, sisi ambao tayari tulikuwa tumeuza mbuzi kulipa wakili.

Wiki ya tatu alikuwa akinywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na usiku hatoki chooni. Tukampeleka zahanati. Muuguzi hakuanza na maswali. Alimwambia avue viatu. Soksi ya kushoto ilikuwa imegandia kidole. Akailowesha kwa maji ya chumvi mpaka ikaachia yenyewe, na chini yake kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi. Viatu vipya nilivyomnunulia mimi ndivyo vilivyomchubua, naye hakuhisi kitu. Muuguzi akamwambia, "Mzee, funga macho, uniambie nakugusa wapi." Akamgusa vidole vyote vitano. Mjomba alitaja viwili tu.

Kisha akatugeukia sisi: "Ametoka lini? Mbona hakuna aliyenipigia simu?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Katika Katiba ya 2010, magereza ni kazi ya serikali ya kitaifa, lakini zahanati na hospitali za kaunti ziko chini ya kaunti. Mfungwa akivuka lango, anavuka kutoka serikali moja hadi nyingine, na faili yake inabaki nyuma. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya bora kadiri inavyowezekana; hakisemi haki hiyo inakoma langoni. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka huduma ya afya gerezani ishikane na ile ya nje ili matibabu yasikatike. Na si jambo geni kwetu: mgonjwa wa kifua kikuu akihama, huandikiwa fomu ya uhamisho, na kituo anachokwenda kinajua anakuja. Tunaliweza. Kwa sukari hatujaamua tu.

Ninachowaomba tukidai ni kidogo: muuguzi mmoja wa kaunti, jina lake na simu yake vijulikane, kazi yake iwe kumshika mkono mgonjwa wa sukari anayetoka katika Gereza la Machakos. Akutane naye kabla hajafunguliwa. Amkabidhi barua ya matibabu na dawa za mwezi mzima. Aipigie simu zahanati ya kwao, iwe Masinga au Mwala, na amtembelee katika wiki ya kwanza, kabla aibu haijamfunga mdomo. Anayetumia insulini anahitaji zaidi. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, na nyumba nyingi za Yatta hazina friji. Muuguzi anaweza kumwonyesha namna ya kutumia chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, insulini ipate ubaridi wa kuisaidia. Amwambie pia asijidunge kisha akakaa na njaa, kwa kuwa sukari ikishuka ghafla inaua haraka kuliko ikipanda.

Pesa zitatoka wapi? Kila mwaka, kufikia Februari 28, kaunti hupeleka bungeni mwake mkakati wake wa fedha, na kabla ya hapo sharti isikilize wananchi. Mikutano ya kuwasikiliza huhudhuriwa na wachache, na wengi wao huzungumzia barabara. Mwaka huu twendeni tukiwa wengi na tulitaje jambo hili kwa jina. Wawakilishi wa wadi tuwaulize mbele ya watu.

Wahudumu wa afya ya jamii mnajua mlichopewa. Tangu Septemba 2023 mikoba yenu ina mashine ya kupima sukari. Kijiji kikipokea mtu kutoka jela, msisubiri kuitwa, pigeni hodi. Maofisa wa probesheni, nyinyi tayari mnafuatilia baadhi ya wanaofunguliwa; ongezeni swali moja, la dawa. Wachungaji, mtu akirudi kanisani, baada ya kumwombea mwulizeni kama amepima sukari. Na tuache kusema alijitakia. Hukumu ya mahakama ilikuwa ya miezi au miaka. Hakimu hakumhukumu kukatwa mguu.

Mjomba bado ana mguu wake. Alihudhuria kliniki ya kidonda kwa miezi minne, na sasa anakula muthokoi kwa kipimo, sahani ndogo, mboga nyingi. Hatumuwekei tena soda.

Nawe uliye na ndugu anayekaribia kutoka: wiki hii nenda zahanati ya kwenu, mwambie muuguzi jina lake na siku atakayofunguliwa. Jiandikisheni katika bima ya afya ya SHA, na kama kitambulisho chake kilipotea, uliza mapema namna ya kukipata kingine. Siku ukimpokea langoni, mpitishe kwa muuguzi kwanza, avue viatu. Kuku atachinjwa jioni.