Kifaru cha kununua kisinunue ushindi

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, kazi za wateja zilinibana. Nimerudi na hasira kidogo.

Juzi jioni hapa Kisii mjini nilifungua gemu moja ya vifaru (jina nalihifadhi). Dakika mbili tu nimelipuliwa! Kifaru kilichonilipua kinauzwa kwa pesa halisi, na risasi zangu zilikuwa zinadunda tu juu yake.

Mtaniambia mtengenezaji naye lazima ale. Kweli kabisa, mimi mwenyewe huandika programu na najua seva hailipiwi kwa maombi. Swali langu ni kinachouzwa. Kondakta wa matatu ya Nyamira akikuuzia kiti cha mbele kwa bei ya juu, sina neno, mradi tufike pamoja. World of Tanks huuza vifaru vinavyochuma haraka fedha za ndani ya gemu. Hiyo ni sawa, mtu ananunua muda. Lakini mwanzoni risasi zake kali zilipatikana kwa dhahabu tu, yaani kwa pesa halisi, hadi mwaka 2012 ziliporuhusiwa kununuliwa kwa fedha za kawaida za gemu. Mwaka huohuo kifaru cha Type 59 kikaondolewa dukani. Sasa hilo ni suluhisho gani? Waliokwisha kununua walibaki nacho, sisi wengine tukabaki shabaha.

Kisingizio ni kwamba chombo kilicholipiwa hakipunguzwi nguvu. Uongo! GTA Online ilileta Oppressor Mk II mwaka 2018, bodaboda inayopaa na kurusha makombora yanayomfuata mtu. Unaweza kuichumia polepole, au ukanunua fedha za gemu kwa pesa halisi. Ilisumbua watu miaka minne, kisha mwaka 2022 makombora yake yakapunguzwa makali. Gemu haikufa.

Kupima nako si uchawi. Usiangalie tu chombo kinashinda mara ngapi, kwa sababu huenda wanunuzi ni wazoefu, au ni wageni wenye pesa. Chukua mchezaji yuleyule, linganisha ushindi wake ndani ya kifaru cha kulipia na ndani ya vifaru vyake vya bure vya daraja hilohilo. Fanya hivyo kwa maelfu ya wachezaji. Tofauti ikibaki, umeuza ushindi. Takwimu hizo zimo kwenye seva zao tayari, ni swali la mistari michache ya SQL!

Kumbukeni pia, anayecheza kutoka Nyamira kwa bando la simu, na seva iko Ulaya, anafyatua akiwa amechelewa tayari. Ukimwongezea na chombo cha kulipia upande wa pili, mnamfukuza.

Waandike dukani, kabla ya mtu kulipa: nguvu za chombo hiki zinaweza kubadilishwa, na zikipunguzwa, asiyeridhika atarudishiwa pesa ndani ya siku 30. Hata kwa M-Pesa.