La Mgambo Likilia Kutwa

Wazee wetu walisema: La mgambo likilia, kuna jambo. Lakini je, likilia kutwa kucha, nani atatoka nyumbani kwenda kuuliza kuna nini? Juma hili nawaelezeni kosa langu mwenyewe, mpate faida.

Katika ofisi yetu ya parokia tunayo programu ya intaneti ya kuandikia mambo ya jumuiya. Nilimwomba kijana aliyeitengeneza aongeze arifa, yaani habari fupi zinazomfikia mtu katika simu yake. Akaongeza. Nami kwa furaha nikapeleka kila habari kwa kila mtu: mazoezi ya kwaya, mkutano wa wazee, michango, hata ufunguo wa ghala uliopotea. Majuma mawili hayakupita, watu wakazima mlio.

Kisha siku ya chanjo ya surua ikabadilishwa, ikawa Jumanne badala ya Alhamisi. Nilipeleka arifa, lakini akina mama wengi hawakuisoma. Wakaja Alhamisi, watoto mgongoni, na muuguzi amekwisha kwenda zake. Iliwapasa kungoja mwezi mzima. Mama mmoja akaniambia, "Bwana karani, habari zako ni kama kelele za kuku anayetaga, tumezizoea." Sikuwa na jibu.

Basi tukaitengeneza upya. Sasa kila mtu anao ukurasa wake, naye huchagua mambo matatu. Kwanza, habari zipi azitaka: za watoto, za kwaya, au za mikutano. Pili, zimfikie kwa njia gani: barua pepe, arifa ya intaneti, au ujumbe mfupi, ambao hufika hata katika simu ndogo isiyo na intaneti, ila ujumbe mmoja hauzidi herufi 160. Tatu, saa zipi asisumbuliwe. Chaguo lake huandikwa mbele ya jina lake, kama katika daftari, na programu haitumi neno kabla ya kulitazama daftari hilo. Asiyechagua kitu hupata habari za watoto na za hatari tu. Asiye na simu huambiwa na kiongozi wa jumuiya yake, kama zamani.

Hata mafundi wakubwa wameliona jambo hili. Januari 2020 Firefox, programu ya kusomea intaneti, ilianza kuzuia kurasa zisimwombe mtu ruhusa ya arifa kabla yeye mwenyewe hajagusa kitu. Watu walikuwa wamechoka kuombwa.

Nawe msomaji, jioni hii kaa na mwanao anayeijua simu vizuri. Zimeni arifa za biashara na michezo; acheni za shule, za zahanati na za fedha zenu. Nanyi mnaotuma habari kwa watu wengi, kabla hamjabonyeza jiulizeni: Je, kweli kuna jambo?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

Karani wenu