Chupa za Vigogo, Mitaro ya Walalahoi

Ndugu msomaji, kama umekulia mjini katika nchi hii, bila shaka uliwahi kutumwa soda dukani. Ulikwenda na fedha mkono mmoja na chupa tupu mkono wa pili. Bila chupa ulinywea pale pale huku mwenye duka akikutolea macho, au uliacha fedha ya chupa. Chupa ile ilirudi kwenye kreti, kreti ikapanda gari, ikaenda kiwandani kuoshwa na kujazwa tena. Nani aliiona imelala mtaroni? Ilikuwa mali.

Leo wataalamu wanakaa hotelini siku tatu, wanafungua makabrasha na kututangazia kitu kiitwacho uchumi wa mzunguko. Maana yake ni kwamba kitu kikishatumika kisitupwe, kirudi kazini. Tunawashukuru. Lakini fundi wa Gerezani anayegeuza pipa kuwa karai na bati kuwa jiko hakungoja semina. Mshona katambuga za tairi kuukuu hakungoja mfadhili. Mlalahoi hajawahi kuwa na uwezo wa kutupa ovyo.

Basi tuulizane: nani aliukata mzunguko?

Aliyeukata ni mwenye kiwanda, alipogundua kuwa chupa ya plastiki ni nafuu kwake. Ni nafuu kwa sababu haikusanyi, haioshi wala hairudishi. Gari lake likishashusha mzigo, yeye kazi yake imekwisha. Gharama ya kuiondoa chupa ile haikufutika, ilihamishwa tu. Imehamia kwako wewe unayelipa ada ya taka. Imehamia kwa mama wa bondeni Msimbazi, ambaye mvua ikinyesha halali. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Sisemi kwamba chupa ndizo zilizoleta mvua. Nasema maji yakikuta mtaro umezibwa, hutafuta njia, na njia hiyo ni chumbani kwa mnyonge.

Faida imekuwa ya mtu mmoja, uchafu umekuwa wa wote. Na hata huo uchafu una kwao: hauendi Oysterbay. Dampo la jiji lilikuwa Tabata. Wananchi wakachoshwa na moshi na nzi, wakalishtaki Jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki yao. Lakini taka hazikupungua. Zilihamishiwa Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa ni zamu ya Pugu Kinyamwezi. Huko ni kumtua mzigo Juma na kumtwika Hamisi.

Tuwe wakweli. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ilifanya jambo jema. Lakini angalia aliyebanwa ni nani. Muuza nyanya gengeni alitii siku ile ile. Chupa za plastiki zikaachwa zitambe. Kwa mdogo sheria ni panga, kwa mkubwa ni ushauri. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya taka mwaka 2022 inayomfuata mzalishaji mpaka kwenye taka zake. Sisi tunaogopa nini?

Sasa mtazame mwokota chupa. Anaamka alfajiri na kiroba mgongoni, mikono mitupu, anachambua majalala yetu, anauza kwa kilo kwa bei anayopangiwa na mnunuzi. Mgambo wakimwona wanamkimbiza. Watoto wanamwita chokoraa. Kumbe huyu ndiye kiungo kilichobaki cha mzunguko ule tunaofundishwa hotelini! Akigoma wiki moja, mtaro wako utakwambia.

Yanayotakiwa si mageni. Kwanza, amana irudi: kila chupa ya plastiki iwe na fedha ndani yake, anayeirudisha alipwe, na kiwanda kilazimishwe kuipokea. Utaona kama itafika mtaroni. Pili, mabaki ya vyakula yatengwe. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani na sokoni ni maganda na majani, yaani mbolea. Pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo, mikungu na majani yanaoza huku mkulima akilia bei ya mbolea ya dukani. Kinondoni tayari wana kiwanda cha mboji Mabwepande. Basi kila manispaa iwe na chake. Tatu, waokota chupa watambuliwe kama wafanyakazi wengine: wapewe glavu, mzani wa haki na mahali pa kuuzia pasipo na rungu la mgambo.

Watasema hakuna fedha. Fedha za kusomba maganda ya ndizi mpaka Pugu zinatoka wapi? Watasema viwanda vitafungwa. Mbona vilipokuwa vikiosha chupa za kioo havikufungwa?

Ndugu msomaji, diwani akija kuomba kura usimkaribishe kwenye kiti kwanza. Mpeleke mtaroni, umwonyeshe chupa moja, umuulize: hii ni ya nani? Akikujibu kwamba ni yako uliyekunywa maji, ujue umekutana na wakili wa kiwanda. Kura yako mpe atakayekujibu kwamba ni ya aliyeitengeneza, na kwamba atairudisha kwake.