Kiingereza cha dakika kumi pale Mishamo

NJIA YA KATAVI
Na Modesta Kalinde

Kila Januari watoto wanaoingia kidato cha kwanza mkoani kwetu hukumbana na jambo lile lile: hesabu, jiografia na sayansi walizosoma miaka saba kwa Kiswahili, sasa zinafundishwa kwa Kiingereza. Wazazi nao huja na dawa ile ile. Kamusi nene, daftari jipya la misamiati, tuisheni ya likizo. Ikifika Machi kamusi iko juu ya kabati, na tuisheni imekwisha pamoja na hela yake. Mtoto si mvivu. Tumempa dozi ya mwezi mzima ainywe siku moja.

Ajabu ni kwamba jambo hili linawashinda hata watoto wa Mishamo, ambako babu na bibi zao wangeweza kutufundisha sote namna lugha ngeni inavyoingia kichwani.

Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Ulyankulu na Katumba yalikuwa yametangulia. Vijiji 16 vilikatwa ndani ya msitu, watu wakaanza kulima. Wengi walifika na Kirundi, na waliobahatika kusoma walikuwa na Kifaransa. Watoto walikipata Kiswahili darasani. Mtu mzima alikiokota alikotumwa na shida zake: ofisini alikoomba kibali cha kutoka makazini, zahanati, kwenye mizani ya mazao, sokoni. Maneno machache leo, na wiki ijayo yale yale, kwa sababu foleni ni ile ile na karani ni yule yule. Akikosea anachekwa, anasahihishwa, anarudi siku nyingine na sentensi ndefu kidogo. Aliyekuwa hatumwi popote, akishinda shambani na nyumbani, alibaki na Kirundi chake, na hakuna wa kumlaumu.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, kisha mwaka 1995 akatoa kitabu chake, Purity and Exile. Aliona kwamba watu wa makazini walikuwa wameishikilia sana historia yao ya kikimbizi, ilhali wenzao wa Kigoma walijichanganya na wenyeji, wengine wakijitambulisha kuwa Waha. Malkki hakwenda kupima nani anajua lugha gani. Mimi ndiye ninayeona humo jambo la lugha: mtu wa Kigoma hakumzidi yule wa Mishamo kwa bidii wala kwa akili. Alimzidi kwa idadi ya watu wa kujibizana nao tangu asubuhi hadi jioni.

Mwaka 2010 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo matatu, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Wajukuu wao ndio hawa walioko kidato cha kwanza, Kiswahili chao hakina kasoro, wakihangaika na Kiingereza kana kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kujifunza lugha ya watu wengine.

Faida ya kidogo kidogo ilishapimwa zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichotoa mwaka 1885, alieleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Marudio 38 aliyoyagawa katika siku tatu yalimfaa karibu sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mkupuo. Mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani, basi, anafanya kazi karibu maradufu kwa malipo yale yale, na usingizi juu.

Najua nitaambiwa kwamba mfano wangu haulingani. Kirundi na Kiswahili ni ndugu, zote za Kibantu, ngeli zake zinafanana. Kiingereza hakina undugu nasi. Tena sokoni Mishamo hakuna muuza maharage atakayekudai Kiingereza. Hoja ya pili ndiyo nzito, na ndiyo inayonifanya nisiamini sana programu za simu zinazohesabu siku ulizofungua bila kukosa. Zina manufaa, bando likiwepo. Lakini simu haikuhitaji. Karani wa kibali alikuwa na kitu ulichokitaka, na mlango wake ulikuwa lugha.

Kwa hiyo lazima shida hiyo tuitengeneze wenyewe, ndogo, ya kila siku, ikiwa imefungwa kwenye kazi iliyopo tayari. Huku kwetu msimu wa tumbaku ya mvuke mtu hukaa saa nyingi akichunga moto wa bani, banda la kukaushia majani. Ndugu wawili wakiwa hapo, dakika kumi za kwanza za zamu ziwe za Kiingereza: joto limefikaje, kuni zimebaki ngapi, nani kachelewa kuleta chakula. Kesho mambo ni yale yale, na hiyo ndiyo faida. Mwalimu naye apokee sentensi moja tu mlangoni kila asubuhi, kila mtoto na yake, kuhusu jambo la jana. Darasa likiwa kubwa, wapokezane wenyewe wawili wawili.

Kitu kimoja nakipinga bila kupepesa: kumvalisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Kinamfundisha kunyamaza. Huyo babu aliyechekwa pale ofisini alipata kibali chake hata kwa sentensi mbovu. Mtoto wa kibao anaondoka na aibu tupu.

Na mtoto akikosa siku moja? Atakosa. Mvua itanyesha, kutakuwa na msiba, bani litaharibika. Mzazi asimlipishe deni kwa kumkalisha saa mbili Jumamosi. Kesho yake amwombe sentensi moja tu, fupi kuliko zote za wiki ile, amjibu kwa lugha yoyote aliyo nayo, kisha wote wawili waendelee na kazi.