Hata Mzigo wa Reli Hauvushwi Kienyeji, Sembuse Mtu

Mwanaharakati akitekwa nje ya kwao, wapo mastaa wa Bongo wanaokimbilia simu kuandika, "Si angekaa kwao?" Likes zinamiminika, emoji za kucheka kama mvua. Majina ya nini, wanajijua.

Hao wapelekwe Kidatu wakajifunze. Pale reli ya mita moja inakutana na ya TAZARA, na upana wa njia hizo unatofautiana kwa milimita 67 tu. Kwa hizo milimita 67 mzigo haupiti hivi hivi: unashushwa, unapakiwa upya, una karatasi zake.

Binadamu je? Juni 2021 Nnamdi Kanu alikamatwa Nairobi, akaja kuibukia Nigeria. Hakuna mahakama ya Kenya iliyoamuru apelekwe. Tarehe 24 Juni 2025 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu ya Kenya akasema ule ulikuwa utekaji, katiba imevunjwa, serikali imlipe shilingi za Kenya milioni 10.

"Lakini si alituhumiwa ugaidi?" Ndiyo, na utamu wa hukumu uko hapo hapo. Swali halikuwa kama Kanu ni mtu mzuri. Swali lilikuwa alitolewaje nchini. Kama anatafutwa kwao, sheria ya kumrudisha ipo, ifuatwe.

Kinachouma ni kwamba hukumu ilikuja miaka minne baadaye, mwenyewe wakati huo alikuwa bado mahabusu Nigeria.

Mei 2025 ikawa zamu ya Dar. Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikuja kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, wakakamatwa. Siku chache baadaye mmoja kaokotwa Kwale, mwingine Mutukula. Wanasema waliteswa. Julai wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, tena mbio mbio, maana mkataba wa jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kufungua shauri. Mtu bado anauguza majeraha, huku siku zinahesabiwa.

Na nyie wa "wageni wasituingilie": Januari 2025 aliyeingizwa kwa nguvu kwenye gari Nairobi na watu wenye silaha alikuwa Mtanzania, Maria Sarungi. Aliachiwa saa chache baadaye kwa sababu watu walipiga kelele.

Siku ikiwa ni dogo wa Kidatu, kaenda Nairobi kusaka maisha, ana followers 300, kaposti asichopaswa, mastaa wataandika nini?